Magoli Yaliyoota Majani

Mwaka jana mwenyekiti wa klabu, huyu wa sasa, alinijia nyumbani na karatasi mkononi. Ni kijana mwenye adabu, sina neno naye, ila ana haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Alisema wanataka kuweka kibao pale mlangoni pa uwanja, kieleze historia yake kwa maneno machache, na kwa kuwa katika wale kumi na mmoja wa kwanza nimebaki mimi peke yangu, nitazame kama walichoandika kiko sawa. Nikavaa miwani. Walikuwa wameandika kwamba uwanja ulikuwa pori tupu, kijiji kikawapa vijana, vijana wakaufyeka kwa moyo wa kujitolea.

Pori tupu! Penye goli la kusini palikuwa na jiko la mama yangu. Katikati, pale refa anapoweka mpira, palikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, na mimi mwenyewe niliwahi kutumbukia humo nikiwa mdogo, nikatolewa nanuka pombe bila kuionja. Nilifungua mdomo nimweleze yule kijana, kisha nikaufunga. Ningeanzia wapi? Nikamrudishia karatasi yake nikasema iko sawa, waandike tu. Akashukuru, akapanda pikipiki, akaenda zake. Basi leo nayasema hapa, kwa sababu siku ile nilikuwa mwoga, na haikuwa mara ya kwanza.

Kwetu kulikuwa kwenye mgongo wa kilima, upande wa Heru Juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni Kasulu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Tulimzika nyuma ya nyumba, kama watu wote walivyozikwa wakati ule, hatua kama kumi kutoka kwenye mti wa umuvumu alioupanda mwenyewe mwaka aliomwoa mama. Asiyeujua umuvumu nimweleze kidogo. Ni mti wa utomvu mweupe na majani mazito, kivuli chake kizuri, na hauna makuu: unakata tawi, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, unaondoka. Ukirudi limeota. Katika ukoo wetu mtu akianza mji wake, yaani nyumba yake mwenyewe, mzazi ndiye humkatia tawi la kwanza kutoka kwenye mti wa nyumbani. Tawi likishika, mji umekubali, na hakuna wa kukubishia kwamba pale ni pako. Na mti wa mji haukatwi na mtu wa nje. Ikilazimu ukatwe, anayeshika shoka ni mtoto wa mji huo, au hauguswi kabisa.

Mama alikuwa na maneno machache na mkono mzito. Kila alipotoka shambani alipita kaburini, akang'oa magugu mawili matatu, akampa baba habari za siku: maharage yameingia wadudu, mwanao kapigana shuleni, jirani kajifungua pacha. Alisema hayo bila kulia, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye upande wa pili wa ua. Na mara nyingi alituonyesha, mimi na mdogo wangu, mahali palipobaki kati ya kaburi na mti. Hapo ni pangu, alisema, msije mkanipeleka kwingine.

Halafu tukahamishwa. Walioiona miaka ya sabini wanajua: watu wote washuke barabarani, wakae pamoja kijijini, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Sisemi maneno hayo yalikuwa mabaya. Shule ilikuja kweli, na watoto wa mdogo wangu wamesoma hapo. Ila siku yenyewe walikuja mgambo na lori, wakatuambia tuezue paa wenyewe au waliezue wao, na mama akapanda juu ya nyumba akaanza kutupa nyasi chini. Hakutaka mgeni aguse paa lake. Tukapewa kiwanja katika mstari, kimepimwa kwa kamba, nyumba zote zikitazama barabara kama watoto wa shule kwenye paredi. Mama alifika na tawi la umuvumu begani. Alilipanda mbele ya kibanda chetu kipya, na wiki ya pili mbuzi wa jirani wakalitafuna. Akapanda lingine, likakauka. Basi akasema ardhi ile imemkataa, hapandi tena. Yeye anangoja tu. Amri zote hulegea, na hata zisipolegea, siku yake ikifika tutambeba turudi naye nyumbani. Hakusema "kule juu" wala "kwenye mahame" kama walivyosema wengine. Alisema nyumbani.

Hilo ndilo alilolitaka. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Sasa klabu. Klabu yetu ilikuwa ndogo, ya kuchekwa. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la vitambaa na chumvi pale Kasulu, Mwislamu, baba yake alikuja zamani kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata akikukaripia unaona umesifiwa. Yeye ndiye aliyetupa mpira wa ngozi na jezi za kijani. Golikipa alikuwa mpishi wa chuo cha ualimu. Tulikuwa na fundi baiskeli, fundi cherehani, ndugu wawili waliokimbia mauaji ya Burundi pamoja na wazazi wao, na mimi, beki wa kushoto, miguu ya chuma na kichwa cha mbao. Tulicheza kwenye uwanja wa shule. Ikatoka amri kila mahali palimwe chakula, mwalimu mkuu akalima uwanja wote, akapanda mahindi mpaka kwenye kona. Simlaumu. Lakini ligi yetu, iliyokuwa na timu za Kasulu na za Kibondo, ilikuwa na sharti lake: timu isiyo na uwanja wa nyumbani itacheza mechi zake zote Kibondo. Kibondo! Unakaa siku nzima nyuma ya lori la tumbaku, vumbi mpaka kwenye meno, unashuka magoti yamekaza, unafungwa manne, unarudi.

Tulikaa barazani kwa mwenyekiti tukijadili. Kila mahali palipotajwa palikuwa na mteremko, maana nchi yetu ni vilima, ukiangusha chungwa mlangoni utaliokotea kwa jirani. Hapo mimi nikasema kwetu juu pako sawa, hapana mteremko. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenisukuma. Mwenyekiti akanitazama vizuri, akasema klabu imepata mwanamume, wenzangu wakanipiga mgongoni, nami kichwa kikavimba. Walinivika kilemba cha ukoka, nikakikaza mwenyewe kisidondoke. Viongozi wa kijiji hawakuwa na pingamizi. Kwao yale mahame hayakuwa na mwenyewe. Jumatatu iliyofuata vijana walikuwa wanafyeka.

Mama alipata habari sokoni, kwa mwanamke aliyemuuzia dagaa. Alirudi, akatua kapu, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, ila asiwe na wasiwasi, kaburi litabaki nje ya mstari, nyuma ya goli, na mti hautaguswa. Niliapa. Akaniuliza mbona sikumwambia kwanza. Sikuwa na jibu, nikajifanya nimekasirika. Ndiyo tabia yangu mpaka leo, nikikosa jibu napandisha sauti. Nikamwambia pale si petu tena, ni pa kijiji, na yeye aache mambo ya kizamani. Aliniacha nikamaliza kupiga kelele, akaenda kuosha dagaa zake.

Kaburi lilibaki nje kweli. Nilipima mwenyewe kwa kamba ya ng'ombe, likaangukia hatua kadhaa nyuma ya goli la kaskazini, tukalizungushia mawe. Kilichotushinda ni mti. Ulisimama mbele tu ya goli hilohilo, pale pale anapotakiwa kusimama golikipa. Tulijaribu kusogeza uwanja kusini, ukaangukia bondeni. Mashariki kulikuwa na mwamba. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja na baiskeli yake kutuangalia, akasema kwa upole wake ule, kijana wangu, mti una miguu? Kama hauna, basi tutahama sisi, twende zetu Kibondo. Wote wakanigeukia. Shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye jiwe, na hakuna Muha hata mmoja aliyelisogelea. Hata wale ndugu wawili wa Burundi walisimama mbali nalo, maana kwao mambo ni hayohayo. Kila mtu alijua mwenye kulishika ni nani.

Nikalishika.

Mti ulianguka kabla ya adhuhuri, mikono yangu imejaa utomvu hadi kwenye viwiko. Nilitafuta la kujifariji nikalipata: nguzo za magoli nitazikata kwenye matawi yake, ili mti wa baba ubaki uwanjani. Niliona wazo hilo ni la mtu mwenye akili sana. Nikachagua matawi manne yaliyonyooka, tukayachimbia yakiwa mabichi, na magome yake, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Mtambaa wa panya, ule mti wa juu, tukaweka wa mkaratusi. Sasa hapa cheka, nakuruhusu. Tulikuwa wanaume kumi na tano, karibu wote Waha, tumekulia ndani ya nyua za umuvumu, hakuna ambaye hajawahi kuchomeka tawi lake akaliona linaota. Na hakuna aliyefungua kinywa. Siku ile tuliona magoli, hatukuona mti.

Mama alipoambiwa kwamba mti umekatwa, hakusema kitu. Na hakusema kitu kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alinipikia, akaweka chakula mezani, akageuka. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nasi tulipishana humo kama watu wasiojuana kwenye gulio. Nilijiambia atapoa. Nilishinda uwanjani ili nisirudi nyumbani mapema.

Nguzo zikachipua. Kwanza vitone vya kijani ambavyo fundi cherehani alidhani ni ukungu, kisha majani hasa. Nguzo tatu zilishika, ya nne, ya kusini upande wa kulia, ikakauka yenyewe. Tulipojua tumefanya nini tulicheka mpaka tukakaa chini. Wageni nao walitusimanga vya kutosha. Washangiliaji wa Kibondo walitaka kujua kama mwamuzi wetu anakuja na kipenga au na jembe. Walimuuliza golikipa wetu kama analinda goli au anachunga mbuzi. Yeye, mpishi, hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Aliwajibu kwamba kwao Kibondo hata mti wa umuvumu ukichomekwa unaomba uhamisho. Gwarama, timu nyingine ya ligi, walituita timu ya msituni. Hatukujali, tulikuwa tunashinda.

Jioni moja baada ya mazoezi nikamwona mama anakuja njiani na kibuyu kichwani. Hakuwa amekanyaga pale tangu mti ulipoanguka. Alipita kando ya wachezaji bila kuwasalimu, akaenda mpaka goli la kaskazini, akashika jani la nguzo ya kushoto, akaliviringisha kwa vidole. Kisha akamimina maji pale chini, akaenda kaburini akang'oa magugu, akarudi zake kijijini. Wiki iliyofuata akaja tena. Kiangazi kilipoingia aliteka maji kwenye kijito cha bondeni na kupanda nayo, na magoti yake wakati huo yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Nilimpokea kibuyu siku moja, akaniachia. Tulipanda wote, kimya, mimi mbele yeye nyuma.

Siku ile alipoweka ugali wa muhogo mezani hakugeuka. Aliketi.

"Limeshika," alisema.

Nikaendelea kumega ugali, naogopa kuharibu.

"Nilidhani umekata, kumbe umepanda. Basi ni palepale, nyuma ya nguzo ya kushoto. Umesikia, mwana wanje?" Kwa Kiha ndiyo mwanangu.

Nilielewa alichokuwa anasema. Tawi la mti wa baba, limepandwa na mkono wa mtoto wa mji, mahali palepale, na limeshika. Mji umekubali. Ile nafasi yake kati ya kaburi na mti ilikuwa bado ipo, mti umesogea tu kidogo. Nikamwambia nimesikia, na nikamuahidi kwamba siku yake ikifika nitambeba mwenyewe mpaka pale. Nilikuwa na furaha, sijui niseme nini, nilikula ule ugali mpaka tumbo likaniuma. Mtu amekata mti wa baba yake kwa ajili ya mpira, halafu anasamehewa kwa kosa la kusahau kuchuna magome. Nani anabahatika hivyo?

Tangu hapo hakuja kumwagilia tu, alikuja hata siku za mechi. Aliketi nyuma ya goli la kaskazini, karibu na kaburi, anachambua maharage kwenye ungo. Mpira hakuuelewa na hakutaka kuuelewa. Alikuwa anampa baba habari zake kama zamani, kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida, huku watu ishirini na wawili wanakimbizana mbele yake. Wachezaji wenzangu wakamwita kocha. Kabla ya mechi alimimina maji yake kwenye nguzo, akaketi. Sisi tulizoea.

Wa Kibondo hawakuzoea. Hebu jiweke mahali pa golikipa wao: umesafiri siku nzima, unasimama kati ya nguzo zenye majani, nyuma yako kuna kaburi, na kando ya kaburi kuna mama mtu mzima anayenong'ona, ambaye umemwona kwa macho yako akimwagia goli maji ya kibuyu. Walifungwa matatu. Walipofika kwao wakaandika barua kwenye kamati ya ligi kwamba klabu yetu inacheza kwa dawa, kwamba magoli yetu si magoli ni uganga, na kwamba mganga wetu ni mwanamke na huketi nyuma ya goli waziwazi. Habari ikashuka mpaka kijijini. Pale kwenye mstari wetu watu walianza kumpisha mama njiani kwa namna ambayo si ya heshima. Mke wa jirani, yule wa mbuzi, aliacha kumwazima chumvi.

Mama hakujali hata kidogo. Mimi nilijali. Ndilo jambo linalonichoma zaidi ya yote: niliona aibu. Nilikuwa kapteni wakati huo, naitwa kwa jina sokoni, na nikipita watu wawili wananyamaza. Ningeweza kusimama nikawaambia yule ni mama yangu, na yule aliyelala pale ni baba yangu, na maji yale ni maji. Maneno machache tu. Sikuyasema.

Kamati ikajibu siku chache kabla ya mechi ya mwisho ya msimu, sisi na Kibondo haohao, atakayeshinda anachukua kikombe. Nguzo za magoli ziwe mti mkavu, uliochunwa magome na kupakwa chokaa. La sivyo mechi inahamia Kibondo. Mwenyekiti akaniita dukani kwake, akanikaribisha kwenye mkeka, akanisomea barua polepole. Na hapa nataka nimtendee haki, maana ameshatangulia mbele ya haki. Aliniambia tununue nguzo za mkaratusi misheni, tuzichimbie hatua moja mbele, na ile miti ya mama tuiache kama ilivyo, itakuwa kivuli. "Mama yako asiguswe moyo kwa ajili ya kikombe," alisema. Kupima upya na kuchora mistari upya kungetuchukua siku mbili, na siku mbili tulikuwa nazo.

Mimi nikakataa. Nilisema hakuna haja ya gharama, nitazichuna mwenyewe, asubuhi moja inatosha. Nilisema hayo kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa. Nilitaka watu waone kwamba kwetu hakuna uganga. Nilitaka magoli meupe, yasiyo na jani, na mama yangu abaki nyumbani achambue maharage yake. Mwenyekiti akakunja barua, akasema haya.

Asubuhi ya mechi nilikuwa uwanjani na panga kabla wengine hawajafika. Nilikata matawi yote nikayarundika kando, kisha nikaanza kuchuna kuanzia chini, kuzunguka nguzo yote, nikipanda juu. Mwenye kuujua mti anajua maana yake: ukiuvua gome kuzunguka hivyo, hauponi. Utomvu ulitoka mwingi, ukachuruzika mpaka mchangani. Nilimaliza ile moja ya kusini, nikachuna ya kaskazini ya kulia. Ya kushoto niliiacha ya mwisho, na nilikuwa nusu yake nilipohisi mtu nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na kibuyu kichwani.

Sikugeuka vizuri. Niliendelea kuchuna, nikasema ni amri ya kamati, si mimi.

Aliteremsha kibuyu akakiweka chini.

"Panga limeshikwa na nani?" aliuliza.

Nikasema limeshikwa na mimi.

"Basi," akasema.

Aliinama kwenye lundo la matawi, akayapekua bila haraka kama mtu anayechagua mihogo sokoni, akatoa moja refu lililonyooka, akalipima kwa mkono, akaliweka begani. Akaondoka. Kaburini hakupita. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye mteremko, magoti yake yanamsumbua, tawi linayumba nyuma yake, nami nimesimama na panga. Ningeweza kukimbia nikampata, miguu nilikuwa nayo. Nikageuka nikamalizia nguzo.

Chokaa ilikataa kushika vizuri kwa sababu ya utomvu, ikawa na mabaka ya njano. Kibuyu kilibaki palepale nyuma ya goli. Refa alipokiona, kabla ya kupiga kipenga, aliamuru kitolewe, na mshika kibendera wa Kibondo akakibeba kwa ncha za vidole, akaenda kumwaga maji mbali, nje ya uwanja, watu wakashangilia. Nilisimama kwenye nafasi yangu ya beki nikatazama. Tulishinda moja bila. Bao liliingia goli la kaskazini. Wenzangu walinibeba, mwenyekiti akanipa kikombe nikinyanyue, nikakinyanyua.

Tawi lile mama alilipanda nyuma ya kibanda chetu kijijini, akalizungushia miiba ili mbuzi wasifike. Alilipa maji asubuhi na jioni. Ile ardhi aliyosema imemkataa, safari hii ikakubali. Nasi tukaendelea kuishi. Alinisemesha, hakuwa mtu wa kununa tena; aliniuliza habari za mechi, alinicheka nilipoteguka kifundo cha mguu. Lakini mambo ya kule juu hakuyataja, na mimi niliogopa kumtajia. Nguzo zilikauka taratibu. Kabla ya msimu mwingine tuliziona zimeingiwa na mchwa, tukazing'oa, tukaweka za mkaratusi.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha nilipopata mchumba, nikapewa kiwanja changu upande wa pili wa barabara. Nikaenda kwa mama nikaketi, nikamwomba tawi la kuanzia mji. Mti wake ulikuwa umeshapita paa. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta.

"Wewe si una magoli yako?" alisema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Nikaaga. Mdogo wangu alipooa, mama alimkatia tawi mwenyewe, akambebea mpaka kiwanjani kwake.

Hakukaa sana baada ya hapo. Kifua kilimbana msimu wa mvua, wakamweka zahanati siku nne, akarudishwa nyumbani. Alipofariki mimi nilikuwa nimeshajipanga. Nilikwenda kwa mwenyekiti, naye akafunga duka, akaenda mwenyewe kwa viongozi wa kijiji akawaomba, na wakakubali mara moja. Nyuma ya goli la kaskazini, kando ya mumewe, hakuna wa kuzuia. Mwenyekiti hata alitafuta vijana wa kuchimba. Miaka yote ile nilidhani kinachosimama kati ya mama na mahali pake ni serikali, au ligi, au watu wa Kibondo, na siku hiyo wote walikuwa wamepisha njia. Nilirudi mbio na habari hizo. Nikamkuta mdogo wangu na wajomba wameshaanza kuchimba nyuma ya kibanda, chini ya ule mti.

Nikapiga kelele, kama kawaida yangu. Nilisema mimi ndiye mkubwa, nilimuahidi mwenyewe, ruhusa ninayo, waache majembe. Wajomba wakaacha kuchimba. Mdogo wangu akatoka shimoni, akajifuta udongo, akanishika mkono akanipeleka kando.

"Kaka," alisema, "aliniambia asipelekwe uwanjani."

Uwanjani. Maisha yake yote pale alipaita nyumbani, hata mgambo walipokuja, hata magoli yaliposimama. Nikauliza kama alisema hivyo hasa, kwa neno hilo. Mdogo wangu akasema ndiyo, kwa neno hilo. Nikachukua jembe moja nikaingia shimoni nikasaidia kuchimba, maana kazi nyingine ya kufanya sikuiona.

Leo magoli ni ya chuma, yana nyavu. Kwangu nimejenga ukuta wa matofali kuzunguka nyumba, watu wanausifu, na umuvumu sina. Ningeweza kujikatia tawi kwenye mti wa mama wakati wowote, mdogo wangu hawezi kuninyima, ila si hivyo linavyotolewa.

Jumapili uwanja ukiwa hauna mechi napanda kule, siku hizi kwa fimbo. Nang'oa magugu kwenye kaburi la baba, narudishia mawe ambayo mpira umeyasogeza. Nampa habari kama alivyokuwa akipewa: mvua zimechelewa, klabu imefungwa na Gwarama, mjukuu wako kaingia sekondari. Nimeshamweleza karibu kila kitu. Mama yuko wapi, bado sijamwambia.